Kiwanja Kilichoacha Kunywa Maji

Ukuta ulianguka usiku wa manane, mwezi wa Aprili, huko Goba, kwenye miteremko ya Dar es Salaam. Ulikuwa ukuta wa fensi wa tofali za inchi sita, mrefu kuliko mtu, umepigwa lipu na kupakwa rangi. Uliangukia upande wa chini, kwa jirani, ukavunja banda la kuku na kujaza tope jiko lake la nje. Hakuna aliyeumia, na kila ninapolikumbuka hilo namshukuru Mungu, maana mchana wa siku ileile watoto walikuwa wakicheza palepale.

Asubuhi mwenye ukuta alinipigia simu. "Injinia, mvua ya jana haikuwa ya kawaida," aliniambia. Nilikwenda, nikazunguka kiwanja kutoka getini hadi kwenye rundo la tofali. Mvua ilikuwa nzito, lakini ilikuwa ya masika, ya aina ambayo pwani yetu huipata mwaka baada ya mwaka. Kilichobadilika ni kiwanja. Miaka miwili nyuma kilikuwa na mikorosho na nyasi juu ya udongo wa kichanga. Sasa kilikuwa na nyumba nzuri ya bati, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa imetandikwa pevingi, kuanzia getini mpaka kwenye unyayo wa ukuta wa nyuma. Ukuta wenyewe haukuachiwa tundu hata moja. Maji yote yaliyoshuka yalijikusanya nyuma yake kama kwenye bwawa, na ukuta wa fensi haujengwi ili uwe bwawa.

Nimefanya kazi ya maji ya mvua kwenye viwanja vidogo kwa muda mrefu, na mpangilio ninaoukuta ni uleule. Mtu anaanza kufikiria vyumba, kisha paa, kisha fensi, kisha rangi ya geti. Maji yanakumbukwa siku yanapoingia sebuleni. Ninachotaka kuwashawishi wasomaji wanaojiandaa kujenga ni kwamba maji yachorwe kabla ya sebule, kwa sababu yatakuwepo kwenye kiwanja hicho hata kama nyumba haipo, na yana njia zake ambazo hayakukuuliza.

Tuanze na hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Huhitaji kujua zaidi ya hapo ili kupata picha. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Ikinyesha mvua ya milimita 60 ndani ya saa moja, kiwanja hicho kimepokea lita 36,000. Ni zaidi ya maboza matatu ya lita 10,000, yamemwagwa ndani ya fensi yako wakati wewe umekaa unakunywa chai.

Si maji yote yanayotiririka. Mengine hunywewa na ardhi, mengine hubaki kwenye majani na vijidimbwi. Sisi wa fani hii tunatumia namba inayoonyesha sehemu ya mvua inayokimbia: bati hukimbiza karibu yote, tuseme asilimia 95, pevingi iliyotandikwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa hukimbiza kama asilimia 85, nyasi kwenye kichanga, mahali penye mteremko wa wastani, huachia kama asilimia 15 tu. Sasa linganisha. Kiwanja chetu kikiwa cha nyasi na mikorosho kinaachia lita 5,400 kati ya zile 36,000. Jenga nyumba yenye paa la mita za mraba 220, tandika pevingi mita za mraba 280, bakiza bustani ya mita 100, halafu nyeshewa mvua ileile. Yanayotoka ni lita 28,000. Ni mara tano na zaidi ya yale ya mwanzo.

Na kuna jambo ambalo jumla hiyo haionyeshi, nalo ni mwendo. Maji yaliyopita kwenye nyasi yalichelewa. Yalizunguka mizizi, yakakaa kwenye mashimo ya kwato za ng'ombe, yakafika chini kidogo kidogo. Maji ya bati na pevingi hufika kwa pamoja. Lita 28,000 kwa saa ni karibu ndoo nne za lita 20 kila sekunde kumi, bila kupumzika, zikielekezwa kwenye kona moja ya kiwanja. Jirani wa Goba, yule mama aliyevunjikiwa banda, alilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kulieleza mimi. "Mimi maji siyakatai," alimwambia mwenye ukuta mbele yangu. "Yalikuwa yanapita hapa tangu enzi za mikorosho. Ninachokikataa ni kuletewa yote kwa mara moja."

Ukilipanua hilo kwa mtaa mzima, kisha kwa mji, unapata mafuriko. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, hupita katikati ya Dar es Salaam, ukatandaa Jangwani kabla ya kufika baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo tumewalaumu sana waliojenga bondeni, na ni kweli bonde si mahali pa kulala watoto. Lakini sisi tuliojenga juu, kila mmoja na pevingi yake, ndio tunaowapelekea yale maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtu aliyejenga kilomita tano kutoka mtoni husoma kifungu hicho akaona hakimhusu. Paa lake linamhusu.

Basi mtu afanye nini kabla ya kumwita mchoraji?

Aende kiwanjani mvua ikinyesha. Hili sina njia mbadala yake. Avae koti la mvua, abebe mwavuli, asimame saa nzima. Aangalie maji ya kwa jirani wa juu yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi. Mvua ikikatika aangalie panapobaki dimbwi na panapokauka mara moja. Kama ameshachelewa na ni kiangazi, atazame mistari ya tope kwenye kuta za majirani na awaulize waliokaa pale zamani. Majina ya mahali nayo husema. Mtaa unaoitwa Bondeni, Mtoni au Bwawani haukupewa jina hilo kwa mapambo. Mikocheni imeitwa kwa mikoche, na mkoche ni mti unaopenda mahali ambapo maji ya ardhini hayako mbali. Anayejenga huko akashangaa shimo lake kujaa maji kutokea chini wakati wa masika, hakulisikiliza jina.

Baada ya hapo, apime mwinuko. Si lazima uwe na vifaa vya mpima ardhi. Mafundi wetu wana mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanaujaza maji, na maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata ncha zikiwa mita 20 mbali. Kwa mpira huo, kamba na vigingi vichache, nusu siku inatosha kujua kona ya juu ya kiwanja chako imepita kona ya chini kwa sentimita ngapi. Ziandike namba hizo kwenye karatasi. Ukimpelekea mchoraji karatasi hiyo pamoja na hati ya kiwanja, umempa kitu ambacho wateja wengi hawampi.

Halafu apime udongo unavyokunywa. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha mita moja, karibu na mahali unapofikiria kuweka bustani au shimo la maji. Lijaze maji, yaache yaishe. Lijaze tena, yaishe tena, ili udongo ulowe kama ulivyo katikati ya masika. Mara ya tatu, simika rula na uhesabu maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi, una udongo mwema. Yakishuka chini ya sentimita moja, una mfinyanzi, na ushauri mwingi nitakaoutoa hapa kuhusu kunywesha ardhi hautakufaa. Wewe utategemea zaidi kuyazuia maji kwa muda na kuyaachia taratibu. Kuna watu wamechimba mashimo makubwa kwenye mfinyanzi mweusi, wakayajaza mawe kwa gharama kubwa, na walichopata ni kisima cha tope.

Sasa sakafu. Amua mwinuko wa sakafu ya nyumba kabla ya chochote kile, na uamue kwa kuangalia vitu viwili: ardhi inayoizunguka na barabara iliyo mbele. Mimi sikubali sakafu iwe chini ya sentimita 45 juu ya ardhi iliyomalizwa, na mahali penye dalili yoyote ya maji kusimama napandisha zaidi. Barabara nayo inadanganya. Leo ni ya vumbi na iko chini ya kiwanja chako. Mwaka kesho inamwagiwa kifusi, inawekwa lami, na ghafla geti lako liko chini ya barabara. Wako watu wanaoingia majumbani mwao kwa kushuka ngazi, na maji ya barabarani huwafuata kwenye ngazi hizohizo. Ardhi inayoizunguka nyumba iteremke kutoka ukutani angalau sentimita 15 katika mita tatu za mwanzo. Ni kitu kidogo, kinafanywa kwa sepeto na reki, na kinaokoa misingi mingi kuliko dawa zote za kuzuia unyevu zinazouzwa madukani.

Nije kwenye pevingi, kwa sababu hapo ndipo tunapojiumiza wenyewe. Sielewi ni lini tuliamua kwamba uwanja uliofunikwa wote ni dalili ya maendeleo. Bibi zangu walifagia ua wa udongo kila asubuhi na ua ulikuwa safi. Gari linahitaji njia mbili za kupitisha magurudumu na sehemu ya kugeuzia. Watu wanahitaji kipande cha kukaa, njia ya kwenda jikoni, sehemu ya kufulia na kuanika. Ukijumlisha yote hayo kwenye kiwanja chetu cha mfano, mita za mraba 120 zinatosha sana. Zile 160 zinazobaki kati ya 280 za pevingi ziwe ukoka, kokoto zisizoshindiliwa, migomba, miti ya matunda, kivuli. Kwa uamuzi huo tu, kabla hujachimba shimo lolote, maji yanayotoka yanapungua kutoka lita 28,000 hadi kama lita 21,000. Na umepunguza gharama, kwa sababu hukununua pevingi za mita 160.

Kinachofuata hakina gharama kabisa, lakini ndicho kigumu kukieleza kwa mafundi: bustani iwe chini, pevingi iwe juu. Tazama nyumba nyingi mjini. Bustani imeinuliwa, imezungushiwa kingo za zege, na maji ya pevingi yanapita pembeni yake yakikimbilia getini. Wakati wa kiangazi mwenye nyumba hununua maji ya boza kumwagilia bustani hiyohiyo. Igeuze. Chimba bustani iwe chini ya pevingi kwa sentimita 15, ziache kingo ziteremke polepole, usiweke ukuta kati ya pevingi na bustani, na maji yaingie yenyewe. Bustani ya mita za mraba 100 yenye kina hicho inashika lita 12,000 hivi, hata ukitoa nafasi inayoliwa na kingo. Kwenye udongo wa kichanga maji hayo yanazama ndani ya saa chache.

Watu huniuliza kuhusu mbu, na ni swali la haki. Mbu huhitaji maji yaliyotuama kwa muda wa wiki moja hivi ili yai lifike kuwa mdudu anayeruka. Bustani iliyochimbwa vizuri inakauka ndani ya siku moja, au mbili kwa kuchelewa sana. Kama inakaa na maji siku nne, kuna kosa: udongo umeshindiliwa na magari ya mchanga wakati wa ujenzi, au ni mfinyanzi, na inabidi ulegezwe kwa uma na kuchanganywa mchanga mwingi na mboji. Nimeona mbu wengi zaidi kwenye gata lililozibwa na majani ya mwembe kuliko kwenye bustani yoyote ya namna hii.

Mchanga mtupu una uwezo ambao huwa tunaudharau. Mji wa Lamu umekunywa kwa vizazi maji yatokanayo na matuta ya mchanga ya Shela. Mvua inanyesha juu ya matuta, mchanga unaimeza, na maji matamu yanakaa chini, yakielea juu ya maji ya chumvi ya bahari. Watu wa Lamu wanajua kwamba ukijenga juu ya matuta, unafunga mdomo wa kisima. Viwanja vyetu vya Tegeta, Kigamboni na Bagamoyo ni matuta madogo ya namna hiyo, na tunayafunga mdomo mita kwa mita.

Kuhusu matangi nitasema kwa kifupi, ingawa kila mtu anayapenda. Paa la mita 220 hujaza tangi la lita 5,000 kwa mvua ya milimita 25 tu. Siku ya pili ya masika limeshajaa, na tangi lililojaa haliwezi kuzuia mafuriko. Kwa hiyo mimi hulitoboa katikati. Naweka bomba la nusu inchi kwenye nusu ya kimo chake, likielekea bustanini. Nusu ya chini ni maji yako ya kufulia na kumwagilia. Nusu ya juu ni nafasi ya dhoruba: inajaa mvua inapopiga, kisha inajitoa polepole kwa muda wa saa tatu hadi tano, tayari kwa mvua inayofuata. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ile inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, ielekezwe kwenye bomba la pembeni. Lita 220, yaani milimita moja juu ya paa zima, zinatosha kwa kazi hiyo.

Ukitoa zile lita 12,000 za bustani na nusu ya juu ya tangi, hadi hapa tumebakiwa na kama lita 6,500. Shimo la mawe linaweza kuzipunguza zaidi. La urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na nusu na kina cha mita moja na nusu, lililojaa mawe ya ukubwa unaofanana, lina nafasi ya kama lita 1,500 katikati ya mawe, na kadiri linavyojaa ndivyo linavyoendelea kunyonywa na udongo. Lizungushie kitambaa cha chujio kabla ya kumwaga mawe, la sivyo mchanga utaziba nafasi zote. Weka chemba ndogo ya kunasa mashapo kabla maji hayajaingia. Liwe mita tano kutoka kwenye msingi wowote, wako au wa jirani, na sakafu yake ibaki juu ya maji ya ardhini hata katikati ya masika. Kwenye viwanja vya Msasani na Mikocheni sharti hilo la mwisho mara nyingi halitimiziki. Huko achana na shimo, ongeza bustani.

Ukijumlisha, tumeanza na lita 28,000 na tumefika kama 5,000, chini kidogo ya zile 5,400 za enzi za mikorosho. Nyumba ni ileile, paa ni lilelile, na vyumba havikupungua.

Kuna kosa moja ambalo siwezi kulipita bila kuonya, nalo ni kuunganisha bomba la paa kwenye chemba ya maji taka. Linafanyika kila siku kwa sababu chemba iko karibu na bomba ni fupi. Mvua moja inatosha kulijaza karo na shimo lake, na kinachofuata ni maji ya chooni kutokea kwenye mfuniko, yakachanganyika na maji ya barabarani ambamo watoto wa shule wanapita pekupeku wamebeba viatu mkononi. Wengine hufanya kwa makusudi: mvua ikinyesha wanafungulia makaro yatapike mtaroni, wakijua mvua itaficha. Kipindupindu kinaenea kwa njia hiyo. Mchoro wa maji ya mvua na mchoro wa maji taka iwe michoro miwili, na mistari yake isikutane popote.

Turudi kwenye ukuta, maana Goba, Kimara na miteremko yote ya namna hiyo inajengwa kwa kukata kilima. Fundi anakata ubavu, anapata sehemu tambarare, anajenga ukuta wa kuzuia udongo nyuma na ukuta wa fensi mbele. Ukuta wa nyuma unabeba udongo, na hilo fundi analijua. Asilolikumbuka ni kwamba udongo ukilowa, maji yaliyosimama nyuma ya ukuta yanasukuma yenyewe, na msukumo huo unaweza kuuzidi wa udongo mkavu. Kwa hiyo nyuma ya ukuta wa namna hiyo kuwe na tabaka la kokoto la sentimita 30, bomba lenye matundu chini yake linalopeleka maji pembeni, na kwenye ukuta wenyewe vipande vya bomba vya inchi mbili au tatu kila baada ya mita moja na nusu au mbili. Ukiona ukuta wa mteremkoni hautoi hata tone wakati wa mvua, usifurahi. Maji yapo, yamejificha nyuma.

Juu zaidi, kabla maji ya kilimani hayajafika kwenye ukuta, chimba mfereji wa kuyakinga. Uende sambamba na kilima, kwa mteremko mdogo wa sentimita moja kwa kila mita, ili maji yatembee bila kuchimba udongo. Ubavu uliokatwa upandwe nyasi wiki ileile. Vetiva hushika vizuri kwa sababu mizizi yake hushuka wima, mita mbili na zaidi, bila kutambaa kwenye bustani. Na ukuta wa fensi unaokatiza njia ya maji uachwe matundu chini, yenye nondo za kuzuia wezi na panya.

Hayo yote yanaweza kuharibiwa na miezi sita ya ujenzi wenyewe. Lundo la mchanga likimwagwa juu ya mteremko mwezi wa Machi, nusu yake itakuwa kwenye mtaro wa mtaa ifikapo Mei, na umeinunua. Malori yakipita juu ya mahali patakapokuwa bustani, udongo unashindiliwa mpaka unakuwa kama sakafu. Zungushia sehemu hiyo kamba siku ya kwanza. Msingi uchimbwe baada ya masika. Na mkorosho usio kwenye njia ya nyumba uachwe. Fundi atakwambia unamsumbua, na wewe ndiye mwenye kiwanja.

Mwisho wa mchoro wowote ninaouchora ni swali moja: ikija mvua kubwa kuliko niliyoihesabu, maji yatapita wapi? Itakuja, maana hesabu zote hizi zina mpaka. Bustani itafurika, tangi litafurika, shimo litakataa. Lazima pawe na njia iliyo wazi, ya chini kuliko sakafu yako, isiyopita mlangoni kwako wala kwenye jiko la mtu, mpaka kwenye mtaro au korongo. Mara nyingi ni ukanda wa nyasi wa upana wa mita moja kando ya fensi. Uonyeshwe kwenye mchoro kwa mshale, na usijengewe banda, kibanda cha mlinzi wala tangi.

Kule Goba njia hiyo haikupatikana ndani ya kiwanja. Mteremko wote ulielekea kwa yule mama, na mtaro wa mtaa ulikuwa upande wake wa pili. Pevingi ziling'olewa kwa zaidi ya nusu, bustani ikachimbwa, ukuta ukajengwa upya ukiwa na matundu. Kwa maji yaliyobaki, majirani hao wawili walikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakaandikiana: mfereji wa zege wa upana wa sentimita 30 utapita kando ya mpaka wa mama huyo hadi mtaroni, gharama ni ya mwenye kiwanja cha juu, banda jipya la kuku pia. Palitokea mabishano kidogo kuhusu nani atakuwa akiuzibua. Waliafikiana kwamba wa juu atautoa mchanga mwezi wa Februari kabla ya masika, na wa chini atautoa Septemba kabla ya vuli. Karatasi ina sahihi mbili na muhuri, na kila mmoja ana nakala yake.